Jeneza lilitoka sijafika: tuzungumze kuhusu ADHD na kuchelewa

mvuka_feri (mwenye uzi)

Asalaam aleikum na habari za jioni, wana jukwaa. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Humu nimesoma nyuzi nyingi za kulaumu watu wanaochelewa, na mlaumiwa huwa hatokei kujibu. Mimi ndiye huyo mlaumiwa. Nina miaka 36, naishi Likoni, Mombasa, kazi yangu iko kisiwani katika ofisi ya wakala wa forodha. Mwaka juzi daktari wa akili alinithibitishia kwamba nina ADHD, ile hali ya ubongo ambayo makini hayaji unapoyaita na yakija hayaondoki unapoyafukuza. Lakini sianzi na daktari. Naanza na bibi yangu.

Bibi alifariki usiku, nyumbani kwake Kibokoni. Alfajiri ami akanipigia: jeneza litatoka saa sita na nusu, akaswaliwe adhuhuri. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku bandarini na mtoto alikuwa na homa, kwa hiyo nikamngoja arudi. Saa tatu nilikuwa nimekwisha kuoga, buibui nimevaa, mkoba begani. Kutoka kwangu hadi Kibokoni, na feri na tuktuk, hata siku mbaya ni saa moja na nusu. Nilikuwa na muda wa kutosha na kubaki.

Pale mlangoni nikakumbuka leso ya kisutu aliyonipa siku ya harusi yangu. Nikataka niende nayo. Nikafungua sanduku. Chini ya leso kulikuwa na bahasha ya picha zake, nyingine yuko kijana, amesimama ukumbini na mwanawe mkononi. Chini ya bahasha nikakuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu ambacho nilikuwa nimekitafuta mwezi mzima. Nikasema nikitie kwenye faili kabla hakijapotea tena. Faili liko kabatini, na kabatini nguo zilikuwa zimeanguka. Nikaanza kukunja. Simu ilikuwa mkobani, sauti nimeizima ili mtoto alale.

Nilipoitoa ilikuwa na simu 14 ambazo sikuzipokea, na saa sita kasoro dakika kumi.

Nilikimbia. Nilipofika kivukoni feri ndiyo kwanza inaondoka, naona mlango wake unapandishwa. Nimeingia kichochoro cha Kibokoni saa saba kasorobo nikisikia tahlili inakwenda mbali, na mwisho wa kichochoro naona migongo ya wanaume na kofia zao. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Kumuaga maiti ni pale nyumbani tu, na pale nyumbani palikuwa pamekwisha. Shangazi yangu alikuwa ameketi mkekani. Akanitazama usoni, akaitazama ile leso mkononi, akasema, "Hata leo?"

Maneno mawili. Nimeyabeba mpaka leo.

Nataka mtu mmoja humu, hata mmoja, aelewe kitu ambacho mimi nilikielewa nikiwa na miaka 34. Siku ile sikuamua kuchelewa. Sikumdharau bibi. Kati ya saa tatu na saa sita kasoro, kwa hesabu ya kichwa changu, zilipita kama dakika ishirini. Muda siuoni. Mwanasaikolojia wa Marekani, Russell Barkley, ambaye amesoma ADHD kwa miongo mingi, anauita huu upofu wa muda. Nilipokutana na neno hilo mara ya kwanza nililia. Maisha yangu yote niliitwa mvivu, mwenye madharau, "mtu wa Kiswahili". Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa kuna kitu sikioni.

Naendelea kesho, inshallah.


BabaWatatu

Pole kwa msiba, dada. Lakini niseme wazi. Sisi tulilelewa na fimbo na tulifika shule saa moja kasorobo, tena kwa miguu. Maradhi haya hayakuwapo. Ukiwahi feri ya kwenda harusini, utawahi ya kwenda kazini. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Tusiwape watu sababu ya kujificha.


mvuka_feri

Kaka BabaWatatu, sijakasirika. Methali hiyo nimeambiwa tangu madrasa, na kila mara nilikubali kuwa ni kweli, na kesho yake nikachelewa tena. Kama fimbo ingekuwa dawa ningepona nikiwa darasa la tatu, kwa sababu nilizila za kutosha pale getini.

Kuhusu kutokuwapo zamani: daktari wa watoto wa London, George Still, aliwaeleza watoto wa namna hii mbele ya madaktari wenzake mwaka 1902. Alisema hawakuwa na upungufu wa akili, ila hawakuweza kujizuia kama wenzao. Zamani walikuwapo. Kwetu waliitwa watukutu, au waliitwa "huyu kichwa chake hakiko hapa". Kila mtaa una mmoja ambaye akitumwa chumvi hurudi bila chumvi. Na wasichana hawakuonekana kabisa, kwa sababu wengi wetu haturuki juu ya madawati. Tunakaa kimya tukitazama dirishani, na mwalimu anadhani tunasikiliza.

Umetaja harusi. Harusini pia nachelewa. Muulize mume wangu alinisubiri muda gani siku ya yetu.

Ila hoja yako ya kujificha naikubali nusu. Kwa wale waliokuwa mkekani, haileti tofauti kama ubongo wangu una tatizo au hauna. Bibi amekwenda na mimi sikuwapo. Ndiyo maana naandika: jina la ugonjwa halimfikishi mtu popote, mtu anafika kwa kubadili namna anavyoishi.


mwalimu_Changamwe

Hongera kwa ujasiri, dadangu. Mimi ni mwalimu wa msingi, na hilo la msichana wa dirishani limenichoma, maana ninaye darasani mwangu sasa hivi. Swali: daktari alijuaje kwamba ni ADHD wala si mawazo au uchovu? Watu wazima wote siku hizi wanasema hawawezi kumakinika.


mvuka_feri

Swali zuri sana, mwalimu, na nalijibu kirefu kwa sababu kuna wanaojipima kwa video za simuni.

Kwanza hakunipima damu wala kichwa. Hakuna kipimo cha namna hiyo. Aliniuliza maswali karibu saa mbili nzima. Mwongozo wanaoutumia ni wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano, la mwaka 2013. Una dalili tisa za kukosa makini na tisa za utukutu na papara. Mtoto anahitaji angalau sita za upande mmoja. Mtu wa miaka 17 na zaidi, tano. Lakini haitoshi kuwa nazo leo. Lazima baadhi yake zilikuwapo kabla ya miaka 12, zionekane sehemu zaidi ya moja, si kazini peke yake, na ziwe zinaharibu maisha kweli. Ndipo anapotenganisha na msongo wa mawazo, kukosa usingizi, matatizo ya tezi, au huzuni ya kufiwa, ambayo mimi pia nilikuwa nayo.

Akaniambia nimlete mama na ripoti za shule ya msingi. Mama alikuja nazo ndani ya mfuko wa plastiki, zote, tangu darasa la kwanza. Karibu kila muhula mwalimu ameandika mambo yale yale: ana akili, hamalizi kazi, amepoteza vitabu. Mama akamwambia daktari, "Huyu nilikuwa nikimtuma namwekea kitu mkononi cha kumkumbusha. Nikimtuma maziwa nampa kikombe. Bila kikombe harudi na maziwa."

Daktari akaacha kalamu, akamwambia mama kwamba hilo ndilo tiba, na kwamba alikuwa ameligundua miaka thelathini iliyopita bila mtu kumfundisha. Mama alinyamaza njia yote ya kurudi.

Mwalimu, mtoto wako wa dirishani, mpe kikombe.


kijana_wa_Kisauni

Mimi nimesoma uzi huu mara mbili. Natafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, tangu kidato cha tatu. Marafiki wanatafuna wachangamke, mimi nikitafuna natulia, napiga kazi ya kinyozi siku nzima bila kuacha mteja katikati. Mei 2024 kaunti ilipopiga marufuku muguka, kabla ya mahakama kusimamisha amri hiyo, nilikaa siku nne bila, na zile siku nne nilipoteza funguo za kinyozi mara mbili. Sasa najiuliza.


mvuka_feri

Mdogo wangu, asante kwa kusema hivyo hadharani. Sikupimi, mimi si daktari. Ila lililomo ndani ya miraa na muguka linaitwa kathinoni, na linafanana na jamii ya dawa za kuchangamsha zinazotumiwa kutibu ADHD. Tofauti ni kwamba dawa ina kipimo kinachojulikana, na daktari anakupima presha na moyo na usingizi. Muguka hauna kipimo, unakunyima usingizi, na usingizi ukikosekana kichwa cha ADHD kinaharibika maradufu kesho yake. Nenda ukamwambie daktari hivyo hivyo ulivyotuambia sisi, hasa hilo la kutulia wakati wenzio wanachangamka. Usione haya. Watu wetu wakisikia daktari wa akili wanawaza hospitali ya Port Reitz na minyororo. Mimi niliingia nikakuta chumba chenye kiti, meza na feni.

Na kwa wanaouliza faraghani kama natumia dawa: ndiyo, methilifenideti, asubuhi. Ni dawa inayodhibitiwa, huipati bila cheti cha daktari, na usimpe wala usiombe ya mwenzio. Inanisaidia kuanza kazi na kuimaliza. Lakini niseme ukweli wake: dawa hainionyeshi saa. Nikimeza dawa nikakaa kukunja nguo, nitazikunja vizuri sana mpaka adhuhuri.


Nahodha_Mtongwe

Bibie, mimi ni mvuvi, sina elimu ya daktari. Nimesoma ulivyosema muda huuoni nikacheka kwa mshangao, maana sisi baharini hakuna anayeuona muda. Tunaona maji. Maji yakijaa leo saa nne, kesho yanajaa karibu saa tano kasoro dakika kumi, kila siku yanasogea namna hiyo. Bamvua, yale maji makubwa, likija unajua; maji mafu, yale madogo, unajua. Hatumtegemei mtu kukumbuka. Mashua ikikaliwa na mchanga imekaliwa. Nina kijana wangu hapa, nchi kavu ni bure kabisa, hajui hata leo ni Jumatatu. Baharini hajawahi kuchelewa hata mara moja.


mvuka_feri

Nahodha, Mungu akuweke. Sijawahi kusoma maelezo mazuri kuliko hayo.

Kijana wako hachelewi kwa sababu muda wa baharini uko nje ya kichwa. Uko kwenye maji, anauona kwa macho na kuusikia kwa miguu. Kwetu nchi kavu tumeambiwa tuubebe muda kichwani, na mimi kichwa changu kwa kazi hiyo hakifai. Mimi nina nyakati mbili tu, sasa na baadaye. Harusi ya wiki ijayo ni baadaye. Harusi ya baada ya saa moja pia ni baadaye. Halafu ghafla inageuka sasa, na sasa hiyo ni mbio na jasho.

Kwa hiyo kazi yangu ya miaka hii miwili imekuwa moja tu: kuutoa muda kichwani niuweke mahali pa kuonekana na kusikika.

Nilianza na adhana. Nimezaliwa Mombasa, nimesikia adhana tano kila siku tangu tumboni, na sikuwahi kuitumia kama saa. Hapa tulipo karibu na ikweta adhana haihamihami sana. Magharibi mwaka mzima haiji kabla ya saa kumi na mbili, wala haivuki saa moja kasorobo. Kila adhana nimeifunga kwenye jambo moja. Si mambo matatu, moja. Ikiadhiniwa alasiri ofisini, naacha ninachofanya na kufungua orodha ya makontena ambayo siku zake za bure zinakwisha bandarini, kwa sababu zikipita, gharama ya kuhifadhi inahesabiwa kila siku na mteja ananililia mimi. Ikiadhiniwa isha, nguo za kesho zinatoka kabatini, zangu na za mtoto. Profesa Mjerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii: ukisema "nitajitahidi" unabaki ulipo, ukisema "likitokea hili, nitafanya lile" unafanya. Nilipolisoma nikaona ni kikombe cha mama tena.

Pili, saa ya mishale. Nina saa nne sasa ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na moja iko bafuni. Simu yangu ikiniambia 7:15 nami moyoni nafasiri, hiyo ni saa moja na robo, na katika ule ufasiri tu nishasahau nilitaka kujua nini. Hili hatulizungumzi, sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili na kuzisoma kwa Kizungu. Kwa mwenzangu ni sekunde. Kwangu ni tundu la kupotelea. Saa ya mishale haina tarakimu za kufasiri. Naona kipande kilichobaki kama naona kipande cha mkate wa sinia, kikubwa au chembamba.


BabaWatatu

Nimerudi. Sijabadili msimamo wote, ila naomba ujibu hili kwa uaminifu. Kwa nini watu kama nyinyi husema "niko njiani" na mko nyumbani? Hapo si ubongo, hapo ni uongo.


mvuka_feri

Ni uongo. Sitautetea.

Nimesema "niko njiani" nikiwa na taulo. Nimesema "nipo feri" nikiwa natafuta kiatu cha pili. Wakati nasema, naamini nitatoka baada ya dakika mbili, na kwa hizo dakika mbili najiona niko njiani kweli. Lakini anayesubiri kituoni kwenye jua la Mwembe Tayari hajui imani yangu, anajua neno langu. Neno langu lilikuwa limekwisha thamani. Nilipoteza rafiki wa miaka kumi na mmoja kwa neno hilo. Hakugombana nami. Aliacha tu kunialika.

Sasa nina sharti: nikiulizwa uko wapi, nataja kitu ninachokiona mbele ya macho. "Naona jiko." "Naona foleni ya kivukoni." Inauma kusema naona jiko. Lakini mwenzangu anaweza kupanga, anaweza kuanza bila mimi, na hiyo ni haki yake.

Na kwa familia zetu naomba kitu. Msitudanganye saa. Ndugu zangu kwa miaka waliniambia shughuli ni saa mbili ilhali ni saa nne, kwa nia njema. Nikaligundua. Tangu siku ile kila saa niliyoambiwa nikaipunguzia, na hata zile za kweli nikaziona za uongo. Nafikiri hata saa sita na nusu ya bibi, mahali fulani moyoni, niliishuku. Hilo nimemwambia shangazi peke yake, na sasa nyinyi.

Nilikwenda kwa shangazi mwaka uliopita. Sikumpelekea karatasi ya daktari. Nilimwomba radhi kwanza, nikakaa na kimya chake, ndipo nikamweleza. Nikamwomba, shangazi, usinitajie saa ya uongo tena, na usinisamehe kwa kuninyamazia. Akafikiri. Tangu hapo, kukiwa na shughuli, ananipigia saa moja na nusu kabla na kuuliza swali moja: "Umevaa viatu?" Haulizi niko wapi. Nikijibu bado, anasema "vaa nasikia," na anangoja kwenye simu mpaka asikie.


dada_wa_Bamburi

Nalia huku ofisini. Mume wangu ni wewe mtupu. Tulikosa treni ya asubuhi ya Nairobi kwa sababu yake, tumefika Miritini geti limefungwa, watoto wamevaa vizuri na vikapu vya mahamri mkononi. Alisema nyumbani hadi stesheni ni dakika ishirini. Siku nzuri ya Jumapili labda.


mvuka_feri

Pole, mamangu. Hilo la dakika ishirini nataka niliguse, maana ndipo penye kidonda.

Watu wote hukosea kukisia muda, hata wasio na ADHD. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wataimaliza lini tasnifu yao. Kwa wastani walisema siku 33.9. Waliimaliza kwa siku 55.5. Hao ni watu wa kawaida. Ukichukua kosa hilo la kila mtu ukalitia kwenye kichwa kisichohisi muda, unapata mume wako pale getini Miritini. Anakumbuka ile safari moja iliyokwenda vizuri na anaifanya kuwa safari zote. Tena anahesabu barabara peke yake. Hahesabu kufunga madirisha, kumrudisha mtoto chooni, kutafuta vitambulisho, foleni ya kukagua mizigo.

Mimi nilikuwa nahesabu feri ni dakika kumi. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache kweli. Lakini kutoka mlangoni kwangu hadi kukanyaga upande wa kisiwani, nilipoipima asubuhi saba mfululizo, ya haraka ilikuwa dakika 31 na ya polepole 64. Sasa naitumia ile ya 64. Siku nyingine nafika mapema sana.

Na hapo kuna jambo ambalo watu hawalisemi: sisi tunaogopa kufika mapema. Kungoja bila kitu cha kufanya kunatuumiza mwilini, kama kuwashwa. Nadhani nusu ya kuchelewa kwangu ilikuwa kukimbia kungoja. Nilikuwa najiambia bado kuna dakika kumi, ngoja nioshe hivi vyombo, ili nisifike nikakaa bure. Dawa yake nimeipata kwenye kofia. Nashona kofia za kiua, kama alivyoshona bibi, na kitambaa kiko mkobani daima na sindano na uzi. Nyumbani sikigusi. Ni cha kungojea tu. Nikifika mapema nakaa kwenye benchi natoboa vitundu vyangu. Siku hizi kuna asubuhi natoka nyumbani kwa hamu ya kwenda kushona.


mwalimu_Changamwe

Nimempa kikombe. Yaani, nimempa kadi ya rangi ashike akitumwa ofisini. Amerudi na jibu mara tatu wiki hii.


mvuka_feri

Mwalimu, umenifurahisha kuliko unavyojua. Mwambie na mamake.


kijana_wa_Kisauni

Nimepata miadi ya daktari, Jumatano ijayo. Tatizo, nitaikumbuka vipi?


mvuka_feri

Usiikumbuke. Mpe mtu. Mimi asubuhi navuka na jirani yangu, mama anayeuza samaki Marikiti. Anapita mlangoni kwangu saa kumi na mbili na nusu, anagonga mara moja, haingii, hangoji. Tulikubaliana hivyo: asiningoje. Nikisikia hodi yake mwili unainuka wenyewe. Kuna kitu katika kuwa na mtu kando yako, hata kama hafanyi lolote, kinachokusukuma kuanza. Wengi wenye ADHD watakuambia hivyo. Tafuta mtu wa Jumatano. Mteja, kaka yako, dereva wa tuktuk wa hapo kona. Mlipe nauli leo aje akuchukue.

Na usianze kitu chochote nusu saa kabla ya kutoka. Hakuna kazi ya dakika moja duniani, mdogo wangu. Wembe ukiushika tu umechelewa.


dada_wa_Bamburi

Swali la mwisho kisha nikuache upumzike. Nimemsomea mume wangu uzi wote jana usiku. Alinyamaza, kisha akauliza, "Mimi naanza wapi?" Sikujua nimjibu nini.


mvuka_feri

Mwambie asibadili chochote kwa siku saba. Asinunue saa, asiweke kengele ishirini za simu, atazizima zote ifikapo Jumanne. Abandike karatasi ndani ya mlango na kalamu ining'inie kwa uzi. Kila asubuhi, kabla ya kuoga, aandike anadhani atachukua dakika ngapi. Akimaliza, aandike zilizokwenda kweli. Vivyo hivyo kwa chai, na kwa kutoka mlangoni hadi barabarani. Wewe usimkumbushe wala usicheke tarakimu. Akisahau siku, siku hiyo iachwe wazi.

Siku ya nane akae na ile karatasi, na akitaka arudi hapa atuandikie. Yangu bado ipo mlangoni, imekuwa ya manjano. Kuoga nilikuwa nimekisia 10. Zilikuwa 26.